Maji kwa Mjumbe wa Mauti

Siku ya tisa tangu afariki, Bibi aliniambia visu vyote vya nyumba vimekuwa butu.

"Nenda kanoe hiki na kile kidogo," alisema. "Gam bado zimejaa kibandani, na wewe umesimama hapo kama mgeni."

Nilikuwa nimesimama mlangoni nikiiangalia mikono yake. Kwa siku tisa, usiku na mchana, Bibi alikuwa akimenya gam, matunda matamu ya rangi ya chungwa, anazifunga kwenye kamba na kuzitundika chini ya paa zikauke, kama tunavyofanya kila mwaka majani yanapoanza kuwa mekundu mlimani. Lakini miaka mingine humenya mpaka jioni, akalalamika mgongo, akalala. Mwaka huu hakulala hata usiku mmoja. Kamba zilikuwa zimejaa ukumbi, zimezunguka nyumba, zimefika hadi kwenye kibanda cha mbuzi. Asubuhi ile kisu kilimteleza kikamkata kidole hadi karibu na mfupa. Halikutoka hata tone la damu. Alikitazama kidole, akakifunga kitambaa kwa ajili yangu tu, nisiogope, kisha akaendelea.

Kulikuwa na baridi. Mimi nikipumua mvuke ulinitoka mdomoni. Yeye hakutoa mvuke wowote.

Mwaka wa tatu ulikuwa unaisha tangu mambo ya kale yarudi. Yalianza mazimwi ya darajani, yale yanayowashika walevi na kuwalazimisha mieleka mpaka kuche. Wakafuata mbweha wenye sauti za wasichana. Kisha bwawa letu likaanza kuita watu kwa majina. Mwanzoni tulitetemeka. Kufikia mwaka wa tatu, ujumbe wa wilaya ulipoingia kwenye simu, "Leo msivuke daraja la juu," tuliusoma, tukapiga miayo, tukazunguka njia ya mbali. Watu huchoka hata kuogopa.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo mwezi wa pili, nikarudi kijijini kwetu Gamgol kuwahudumia wazee wa bonde, kwa maana vijana wenzangu wote walikuwa wamehamia Seoul. Nilirudi na wazo moja ambalo sikumwambia mtu: kama mabaya ya kale yamerudi, basi na mema ya kale lazima yamo njiani.

Ndiyo maana Bibi alipokata roho Jumanne ile asubuhi, nilipanda paani.

Kwetu mtu akifa, mmoja wa nyumba huchukua nguo yake ya juu, hupanda paani, huelekea kaskazini, huipunga na kumwita mara tatu arudi. Watu wamefanya hivyo tangu enzi, na hakuna aliyewahi kurudi. Ni namna ya kusema tulimpenda. Ukimaliza unashuka, unamfunika kwa nguo ileile, unalia, unawapigia simu jamaa. Mimi nilipunga kijikoti chake cha rangi ya majani ya chai, cha kufunga kwa utepe kifuani, nikapaza sauti: "Heo Sunrye wa Gamgol, rudi! Rudi! Rudi!" Nikashuka nikamfunika. Nilipogeuka kuchukua simu nikasikia mtu anapapasa kando ya godoro. Bibi alikuwa amekaa, kijikoti kimemvaa chenyewe, anatafuta miwani yake.

Nililia kwa furaha. Nilijiambia: yamefika. Mema yamefika.

Na langoni kulikuwa na mtu.

Alivaa joho jeusi na kofia nyeusi ya ukingo mpana, uso wake mweupe kama karatasi. Alisema kwa upole, "Binti, nimemfuata Heo Sunrye."

"Hayupo."

"Namwona pale anavaa miwani."

"Basi hatoki."

"Haya," alisema, akachuchumaa chini ya ukuta kama mtu aliyekosa basi.

Desturi inataka mjumbe wa mauti atengewe ungo nje ya lango: mabakuli matatu ya wali na jozi tatu za viatu, kwa kuwa wajumbe husafiri watatu na njia yao ni ndefu. Sikumtengea kitu. Niliona ni sawa na kumkaribisha mwizi chai. Kwa siku tisa nilipita mbele yake nikienda kazini, sikumsalimu, na kila nikirudi nilimkuta palepale. Viatu vyake vya majani makavu vilikuwa vimekatika, kidole gumba cha mguu wa kulia kinachungulia nje.

Siku hiyo ya tisa, kabla sijamaliza kunoa kisu, akaja jirani yetu, Mama Jeongseon. Huku kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa mji alikotoka; jina lake la utotoni silijui hata leo. Alimpita mjumbe kwa kuinamisha kichwa, akaketi ukumbini kando ya Bibi, akachukua gam moja na kuanza kumenya.

"Unamenya nene, dada," Bibi alimwambia. "Nyama yote unawapa mbuzi."

"Wewe uliyefufuka ndiyo umekuja na ufundi?" Mama Jeongseon alijibu, na wote wawili wakacheka kidogo. Kisha hakucheka tena. Akanigeukia. "Haesol, mwanangu. Unamsikia mume wangu?"

Nilimsikia. Sote tulimsikia. Nyumba zetu zinatenganishwa na ukuta wa mawe tu, na pumzi ya mzee Pyo ilivuka ukuta huo kama msumeno butu kwenye ubao mbichi. Mapafu yake yalikuwa yamekwisha. Mimi mwenyewe nilikuwa nimempelekea mtungi wa hewa.

"Daktari alisema ni Jumatano, ikichelewa sana Alhamisi," alisema. "Leo ni Jumatano nyingine. Jana aliniomba nimfunike uso kwa mto. Mume wangu huyo, aliyekuwa hawezi kumchinja hata kuku."

"Mama, mimi nita... nitaomba dawa ya maumivu yenye nguvu zaidi."

"Dawa haina kazi. Anatakiwa kwenda, na wa kumpeleka amekaa kwenye lango lako." Aliweka gam chini. Hakupandisha sauti, na ningeona afadhali angepiga kelele. "Sikuja kugombana. Nimechoka tu, mwanangu. Nimechoka mpaka kwenye meno."

Nilitoka langoni. Nilichuchumaa mbele ya mjumbe kwa mara ya kwanza.

"Bonde zima hili ni wewe peke yako?"

"Mabonde matano," alisema. "Zamani tulikuwa watatu. Wenzangu wamehamishiwa mijini, huko ndiko kazi iliko."

"Hata nyinyi?"

"Hata sisi."

"Na mzee Pyo?"

"Anafuata baada ya bibi yako. Siwezi kumruka mtu. Yupo pia mwanamke mmoja bonde la pili, na mtoto hospitalini aliyepata ajali. Yule mtoto naye anangoja." Alijisugua kidole kilichotoka kiatuni. "Sijaitunga mimi sheria hiyo, binti."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinipita mara kumi na nane. Hukuniuliza. Wala hukunipa maji."

Nilikuwa nimesoma miaka minne namna ya kumsikiliza mtu mwenye shida.

Niliporudi ndani Mama Jeongseon alikuwa ameondoka. Bibi alikuwa ameweka kisu chini, jambo ambalo hakulifanya kwa siku tisa.

"Kijibwa changu," alisema. Ndivyo alivyoniita tangu nitambae. "Njoo hapa."

"Bibi, ulijua?"

"Nitakosaje kujua? Chakula ni mchanga mdomoni. Sakafu inawashwa moto chini na mimi silisikii joto lake. Nikifumba macho silali, naona tu giza linalonisubiri kama mtu aliyeshikilia mlango." Alisema bila uchungu. "Nilidhani bado una haja nami. Nikasema, basi, nimenye gam. Angalau awe na za kula mpaka masika."

"Kwa nini hukuniambia umechoka?"

"Ulikuwa na furaha."

Alijaribu kunionyesha utepe wa kijikoti. Aliufungua kwa vidole vyake vya bluu, na utepe ukajifunga wenyewe tena, taratibu, kama nyoka anayejikunja. Alama za kucha zake zilikuwa zimejaa pale kifuani, na nikajua amejaribu mara nyingi, usiku, nilipokuwa nimelala nikidhani nimemwokoa.

"Aliyefunga ndiye wa kufungua," alisema. "Lakini kwanza mtengee yule bwana chakula. Mtu hatumwi safari na njaa."

Nilipika wali. Nilipakua mabakuli matatu, nikayapanga kwenye ungo. Viatu vya majani hakuna anayesuka tena, kwa hiyo nilitafuta kabatini vya marehemu Babu: raba nyeupe za shambani, viatu vya kupandia mlima, na vya ngozi alivyovaa kwenye harusi tu.

"Sasa weka sosi ya soya," Bibi alisema nyuma yangu. "Bakuli tele. Na kipande cha chumvi."

"Si atashindwa kula?"

"Atakula, ni mjumbe, lazima ale anachotengewa. Kisha atashikwa na kiu. Tukifika pale mto unapokata kona, kiu itamzidi, atageuka kuja kuomba maji. Nami nitaiona nyumba mara moja zaidi." Akatabasamu. "Mama yangu alifanya hivyo kwa bibi yake. Sisi ni watu wa hila tangu zamani."

Kisha tabasamu likamtoka. "Ila tukirudi, usiniite. Si kwa jina, si kwa 'Bibi', si kwa sauti wala kwa kunong'ona. Ukiniita hapo nitabaki, na safari hii hata mikono yako haitanifungua. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Wewe mtoto una mdomo mwepesi na moyo mwepesi kuliko mdomo."

"Nimekusikia, Bibi."

Niliutoa ungo nje. Mjumbe aliuangalia muda mrefu. Alikula bakuli la kwanza, akasita.

"Chumvi nyingi."

"Ndiyo."

"Ya makusudi."

"Ndiyo."

"Kila mara huwa ya makusudi," alisema, akaendelea mpaka mwisho. Kisha akajaribu viatu. Nilimuuliza anavaa namba ngapi, akasema miaka mia sita hajawahi kuulizwa. Akachagua raba. Alisimama, akakanyaga mara mbili, na nikaona mabega yake yameshuka kidogo, kama ya wazee wangu ninapowaosha miguu.

Nikarudi kwa Bibi. Alikuwa amelala kwenye godoro lake, amejinyoosha, ameweka miwani pembeni. Nilishika utepe. Ulikuwa baridi na ulinivuta vidole, haukutaka. Au mimi ndiye sikutaka. Hapo sikuweza kutofautisha. Nilimwambia, "Nenda, Bibi. Nilikuita kwa ajili yangu. Nenda sasa kwa ajili yako." Utepe ukalegea. Nikakivua kijikoti mkono mmoja, kisha wa pili, nikakikunja. Safari hii sikupanda popote.

Waliondoka saa nane mchana. Mwili ulibaki godoroni, mdogo kuliko nilivyoukumbuka, na njiani niliona watu wawili wakishuka kuelekea mtoni, mmoja mrefu mweusi, mmoja mfupi aliyeinama. Niliingia jikoni nikajaza jagi. Nilijaza mpaka maji yakafurika yakanimwagikia miguuni. Nikarudi langoni nikasimama.

Walipofika kwenye kona ya mto yule mrefu alisimama. Akashika koo. Akageuka.

Bibi alirudi nyuma yake kwa hatua nyepesi, mgongo haumsumbui tena. Mjumbe alinyoosha mkono, nikampa maji, akanywa kama ng'ombe aliyetoka jua kali, kichwa chini ya ukingo wa kofia, na nadhani alikunywa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Bibi alisimama hatua tatu kutoka kwangu. Aliangalia paa. Aliangalia kibanda cha mbuzi. Aliangalia gam zake, zote zile, zimewaka kwenye jua kama taa. Mwisho akaniangalia mimi.

Neno lilinijaa mdomoni. Lilikuwa jepesi, neno la kwanza nililojifunza maishani, na lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Ng'ambo ya ukuta msumeno wa mzee Pyo ulikuwa unakata, unakata. Niliuma ulimi mpaka nikaonja damu, damu ya moto, yangu.

"Zile za kamba ya mwisho, uliyoifunga wewe, umezibananisha," Bibi alisema. "Zitaota ukungu."

Nilitikisa kichwa kukubali. Ndilo jambo pekee nililoweza.

Mjumbe alinirudishia jagi. "Asante kwa maji," alisema. Wakageuka wakashuka, na walipofika kwenye kona hawakusimama tena.

Nilikaa chini ya ukuta, mahali pale alipokaa yeye siku tisa. Sijui ni muda gani. Jua lilikuwa bado lipo juu ya mlima nilipoziona raba nyeupe zikirudi njiani, mjumbe akiwa peke yake, mwendo wa mtu mwenye kazi nyingi. Zilinipita. Kwenye lango la jirani, Mama Jeongseon alikuwa ameshatoa ungo wake, na yeye amesimama kando akiwa amevaa nguo safi. Alimwinamia mjumbe kichwa. Mjumbe alimwinamia yeye.

Nikaingia ndani kumpigia simu shangazi. Kisha nikajaza jagi tena, nikaliweka juu ya ukuta wa mawe upande wa jirani. Nikachukua ngazi, nikaanza kufungua kamba ya mwisho ya gam, nikizitenga moja moja ili zipate hewa. Nilikuwa nimefika ya saba au ya nane nilipogundua kwamba ng'ambo ya ukuta kumetulia.