Rimoti Mikononi mwa Shemeji

Fundi meno na fundi friji walikuwa mashemeji, na walipendana kuliko ndugu wengi wa tumbo moja. Fundi meno, ambaye ndiye mkubwa, alikuwa amemwoa dada yake fundi friji. Kila mmoja alimwita mwenzake shemeji, na waliitana hivyo kwa miaka mingi hadi watu wakadhani ndilo jina lao. Ukisema shemeji amefika, mtu anakuuliza, "Yupi, mnene au mwembamba?"

Mwembamba alikuwa fundi meno. Alitengeneza meno bandia katika chumba cha nyuma ya nyumba yake, na chumba hichohicho ndicho kilichokuwa karakana yake ya ndege. Upande mmoja wa meza zilipangwa taya za plasta, za juu na za chini, kama watu wanaocheka bila kutoa sauti. Upande wa pili zililala mbawa, magurudumu madogo, na mota zisizozidi kidole gumba. Kikeekee alichotobolea meno ndicho alichotobolea mbao za ndege. Karatasi ya plastiki ya kufunika mbawa aliinyoosha kwa pasi ya mkewe, mpaka mke akachoka, akanunua pasi ya pili na kuiandikia kwa rangi ya kucha: YA NGUO.

Ndege zake ziliruka kwa rimoti, na hakupenda ziitwe za kuchezea. Ukiziita hivyo, alikutazama kidogo, kisha akakuuliza kama mpira unaoutazama kila wiki wewe ni wa kazi.

Yeye ndiye aliyemfundisha shemeji yake. Kila Jumapili asubuhi walikwenda kwenye kiwanja cha zamani cha kufyatulia matofali, nyuma ya kinu cha unga, ambako wapenzi wa ndege walikutana. Siku za mwanzo fundi friji aliangusha ndege kama anayepukutisha mapera. Fundi meno hakuwahi kumpokonya rimoti hata mara moja. Alisimama nyuma yake, mikono mfukoni, akisema taratibu, "Ikija kwako, kulia kwake ni kushoto kwako. Usihangaike. Ikianguka tutaiunga."

Na waliziunga. Jioni wakakaa kwenye chumba kile, gundi vidoleni, mmoja ameshika ubawa, mwingine anapuliza vumbi la msasa, wakicheka hadi dada mtu akaja mlangoni kuuliza kama kuna kazi inayofanyika humo au ni kijiwe.

Kisha macho ya fundi meno yakaanza kufifia. Hakusema. Fundi friji aliona kwa dalili: ndege zilipakwa rangi kali zaidi, nyekundu juu na michirizi myeusi chini, zilirushwa karibu zaidi, na siku za mawingu shemeji alikuwa na udhuru. Fundi friji naye hakusema. Alijiambia kwamba mtu mzima ana haki ya kusema mambo yake mwenyewe akiwa tayari.

Jumapili moja wenzao waliwaalika familia zao. Wake, waume na watoto walikaa kwenye viti vya plastiki, na fundi meno akaombwa arushe ndege yake kubwa, ile ya njano aliyoijenga msimu mzima. Iliondoka vizuri, ikazunguka kinu, ikarudi, ikapiga pindu, watu wakashangilia. Halafu ikaelekea upande wa jua, na fundi friji akaona shingo ya shemeji yake ikikakamaa. Ndege ilikuwa inakwenda mbali, juu ya nyika tupu isiyo na nyumba wala mtu. Fundi meno akapinda kulia, akasita, akapinda kushoto. Alikuwa haioni tena.

Pale palihitajika neno moja tu. Angesimama nyuma yake na kusema, "Shemeji, iko kushoto, inainua pua." Mzee angeelewa. Lakini fundi friji alipiga hatua mbili, akaivuta rimoti kutoka mikononi mwake, akaigeuza ndege, akaileta, akaitua mbele ya viti.

Watu walipiga makofi. Na yeye, damu ikiwa imemchemka, akiwa na furaha ya kuiokoa, akaropoka ili kuchekesha: "Shemeji, hii ndege ulishaikatia pasipoti?"

Uwanja mzima ulicheka. Fundi meno alicheka pia. Mikono yake ilikuwa bado mbele ya kifua, vidole vimekunjika kama vimeshika kitu. Baadaye akaishusha, akaifungua mbawa ndege yake, akaipakia kwenye gari bila kumwomba mtu msaada.

Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya baadaye. Fundi friji alikwenda nyumbani kwake.

"Shemeji, siku ile nilikosea. Nisamehe."

"Hakuna neno, shemeji. Uliokoa ndege."

"Basi Jumapili twende."

"Tutaangalia," akasema fundi meno, akarudi kusugua taya ya plasta ya mteja. Hakuwa na hasira. Fundi friji angefurahi kama angemkuta na hasira, maana mtu mwenye hasira unaweza kukaa naye mpaka ipoe.

Dada yake alimsindikiza hadi getini. "Mdogo wangu, daktari alishamwambia," alisema. "Jicho moja limekwisha, la pili linafuata. Alijua. Alikuwa amepanga kukukabidhi wewe ndege zote, na rimoti. Alitaka kufanya mwenyewe, mbele ya wenzenu. Alikuwa anatafuta siku."

"Mbona hukuniambia?"

"Aliniomba ninyamaze. Na wewe ulikuwa na macho yako."

Fundi friji alikwenda zake na maneno hayo. Kwa wiki nzima alifungua mafriji ya watu na kuyafunga bila kukumbuka alichokitengeneza. Mwishowe akapata wazo aliloliona zuri. Alichukua ndege yake mwenyewe, ndogo ya bluu, akaivunja ubawa, akaipeleka kwa fundi meno akisema imeanguka na kazi imemshinda. Alifikiri wakiketi tena na gundi vidoleni, mambo yatarudi yenyewe.

Fundi meno aliupokea ubawa. Hakuupeleka kwenye taa. Alifumba macho, akapitisha kidole gumba taratibu pale ulipovunjikia, kama anavyokagua ukingo wa jino.

"Ndege ilianguka wapi?"

"Karibu na kinu. Upepo."

"Ubawa ukigonga ardhi hupasuka kwa urefu, na ncha huumia kwanza," fundi meno alisema. "Huu ncha yake ni nzima. Huu umevunjwa kwa goti, shemeji."

Taya za plasta zilimtazama fundi friji kutoka mezani.

"Uache," fundi meno akasema. "Nitautengeneza."

"Nikae nikusaidie?"

"Hapana. Nenda tu."

Baada ya muda dada yake aliileta ile ndege nyumbani kwake, imefungwa kwenye shuka. Ubawa ulikuwa umeungwa kiasi kwamba mshono hukuuona, ilibidi uutafute kwa ukucha. Ndani ya shuka hilohilo ilikuwamo rimoti ya fundi meno, na betri zake. "Amesema zitakufaa," dada akasema, akakaa kidogo, akaondoka.

Fundi friji aliendelea kwenda uwanjani. Alirusha vizuri kuliko wote sasa, na wapya walimwomba awafundishe. Akawafundisha, mikono mfukoni. Mtu akiangusha ndege, alimwacha aiangushe.

Na mashemeji hawakugombana hata siku moja. Walikutana kwenye harusi na misiba, wakatembeleana, wakataniana kuhusu unene na wembamba. Walizungumza habari za bei, za watoto, za magoti yanayouma. Habari za ndege hazikutajwa, na kila mmoja alizikwepa kwa adabu, kama mnavyoruka dimbwi mkiwa mmevaa viatu vizuri.

Zilitajwa mara moja tu. Jumapili moja mchana fundi friji alipitia nyumbani kwa shemeji yake akitoka uwanjani. Fundi meno alikuwa sebuleni, kazi ya meno alishaiacha, macho yake yakiona mwanga na vivuli. Walisalimiana. Kisha, bila kumgeukia, fundi meno akauliza:

"Upepo ulikuwaje leo?"

Fundi friji alishtuka. Alikuwa amelisubiri swali kama lile kwa miaka, na lilipokuja halikumkuta tayari. Angeweza kumweleza kila kitu: jinsi ulivyoanza upande wa kinu ukageuka, jinsi ndege ya bluu ilivyoelea juu yake bila mota, mpaka wakasikia hata mbawa zinavyolia. Angeweza kumwambia, twende Jumapili, nitakuwa macho yako, wewe shika.

"Wa kawaida tu," alisema.

Fundi meno akaitikia kwa kichwa. Dada mtu akaingia na chai, akauliza nani anataka sukari, na mazungumzo yakahamia kwa jirani anayejenga ukuta. Fundi friji alikunywa vikombe viwili akingoja, lakini shemeji yake hakuuliza tena.