Gari la Bibi Harusi Halipitwi

Kwetu milimani, msafara wa harusi ukishatoka nyumbani kwa wazazi, hakuna anayeruhusiwa kulipita gari la bibi harusi. Mbele yake hutangulia gari moja tu, lile la bendera. Siku ile bibi harusi alikuwa Mrika, mtoto wa dada yangu, na usukani nilikuwa nao mimi. Nyuma yangu magari ishirini na moja, yote yakienda mwendo wangu, wenyewe wapende wasipende.

Mvua ilikuwa imeanza, ile ya kwanza baada ya kiangazi, inayoifanya lami iteleze kama sabuni. Niliteremka kwa kilomita arobaini kwa saa. Kulia kwetu palikuwa na bonde na ukungu, basi.

Gari la bendera aliliendesha Ndue, rafiki wa bwana harusi, na kando yake alikaa bwana harusi mwenyewe, Pal. Walikuwa wanatukimbia, wanasimama kutungoja, kisha wanakimbia tena. Kila tulipowafikia, harufu ya breki zilizoungua iliniingia dirishani. Sikuipenda hata kidogo.

Mrika alinung'unika kwamba mama mkwe anangoja mlangoni na asali ya kumpokea, na jua likizama kabla bibi harusi hajaingia watu watasema ni mkosi. Nikamjibu waseme wachoke.

Ndipo Ndue akapiga simu, sauti yake ikajaa gari zima.

"Mjomba, umebeba bibi harusi au umebeba mayai?"

Pembeni yake nilimsikia Pal akicheka. Nina miaka hamsini na tisa, na kuchekwa na watoto sijazoea. Damu ilinichemka.

"Kama mna haraka, tangulieni," nikasema. "Msitungoje tena."

Wakaondoka. Taa zao zikapotea kwenye kona, na sitaficha, nilifurahi kuwaondoa machoni.

Kwenye kona ya nne, chuma cha pembeni mwa barabara kilikuwa kimekatika. Alama za matairi zilikwenda moja kwa moja hadi ukingoni. Nilisimama, na nyuma yangu magari yote yakasimama, moja baada ya jingine, bila hata mawili kugusana.  Mrika alivua shela, akaikunja polepole magotini.

"Leo mkubwa wa msafara ni wewe, mjomba," alisema. "Ungemwambia Ndue apunguze mwendo, angepunguza."