Pawaso ya Jairus

Makokha aliitupa ile pawaso miguuni pa mjane wa kakake, mbele ya watu waliokuwa wamekuja kumsaidia kuvuna mahindi.

"Chukua, Edah," akasema. "Si uliililia siku ya kunyoa nywele, mali ya marehemu ilipogawanywa? Hata Jairus akifufuka leo, hataiwasha."

Wengine wakacheka. Edah aliinama akautazama ule msumeno wa mashine uliowalisha yeye na mumewe miaka yote waliyoishi katika boma lile, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Baada ya mazishi shemeji yake alitaka kumrithi. Edah alipokataa alifukuzwa, na ng'ombe wa Makokha wakaingizwa shambani mwake. Hata mashine aliyorudi kuidai siku hiyo alikuwa amenyimwa, ati mwanamke harithi chuma. Naye Makokha, asiyejua kuitumia, aliitoa plugi kwa kiherehere chake kisha akaitelekeza mashine nyuma ya choo, mvua ikanyesha hadi ndani.

Edah aliifunga kwa leso. Kabla ya kuondoka alitupa jicho kwenye safu ya misaiprasi iliyozunguka boma. Ni yeye na Jairus walioipanda, mwaka walipooana. Sasa Makokha alikuwa akiwaonyesha wageni kwa kidole: hii ndiyo mbao ya paa la nyumba yangu mpya. Maneno hayo yalimkwama Edah kooni kama mwiba wa samaki, akasafiri nayo hadi Kitale, kwenye chumba alichopanga mtaani Matisi.

Jirani yake Kipngeno alikuwa fundi wa pikipiki na pampu za maji. Aliivuta kamba ya kuwashia, ikagoma.

"Pistoni imeshika, mama. Hii uza kwa watu wa vyuma kuukuu."

"Nifundishe kuifungua."

"Ya nini?"

"Nina kazi nayo."

Kipngeno alimtazama usoni, kisha akaleta spana zake.

Edah alitaka kuanza na nyundo. Fundi akamnyang'anya. "Ukigonga utapasua silinda, bana. Kutu inataka kubembelezwa." Akamwonyesha jinsi ya kuchanganya dizeli na mafuta ya breki, kuyamimina kidogo kupitia tundu la plugi, kisha kuiacha mashine ilale nayo.

Basi kila alipotoka kuuza mboga, Edah alikaa mlangoni pake, spana kwenye nati ya gurudumu la ndani, akisukuma kidogo mbele, kidogo nyuma. Hakikusogea kitu. Akaongeza mafuta. Bolti za ekzosi nazo zilikuwa zimeliwa hadi zimekuwa rangi ya udongo. Alizigusa kwa chuma chenye moto, akazipaka mshumaa zingali na joto ili nta izame ndani. Moja ilikatika kichwa, akaitukana kwa jina la shemeji yake. Tangu hapo kila kilichomkatalia kiliitwa Makokha: Makokha wa bolti, Makokha wa breki ya mnyororo. "Utatoka tu," alikuwa akinong'ona, na subira ambayo hakuwahi kuwa nayo maishani ikamjia, kwa sababu ilikuwa na mahali pa kwenda.

Kisha alasiri moja nati ikasogea upana wa ukucha. Aliirudisha nyuma, akasukuma tena, ikasogea zaidi, hadi gurudumu likazunguka lote. Waliifungua, wakasugua kutu, wakabadilisha ringi za pistoni, wakasafisha kabureta. Mnyororo uliokuwa umelowekwa kwenye dizeli ulilegea, Edah akaunoa jino kwa jino. Mashine ilipounguruma na kutoa moshi, majirani walifunga madirisha. Kipngeno alipiga makofi. Edah aliizima, akaifuta, akaanza kungoja.

Simu ilitoka kwa mama mkwe wake, Phelista, ambaye Makokha alikuwa amemhamishia jikoni ili chumba chake kiwe stoo ya simiti.

"Kesho huyu mtu anaenda sokoni Lwakhakha," mama akasema. "Mimi nimekwambia tu."

Edah alifika asubuhi. Miaka mingi alikuwa amemsaidia Jairus kazini, alijua mti unavyochanjwa ili uangukie unapotaka. Akaiangusha misaiprasi mmoja baada ya mwingine, na kila uliolala aliukata vipande vifupi kama mkono wa mtu. Mbao ya paa haitoki kwenye kipande kama hicho. Wanawake wa kijiji walipokuja kuona kelele ni ya nini, aliwaambia wabebe kuni. Walibeba kwa furaha.

Mti uliolitia kivuli kaburi la Jairus alikuwa ameazimia kuuacha. Kisha akamwona Makokha mawazoni akilala chini ya paa la mbao yake, akaukata nao.

Ulikuwa bado umelala mzima Makokha alipofika. Alivitazama visiki vilivyozunguka boma, mdomo wazi. Halafu akakimbia akaukalia ule mti wa mwisho.

"Huu hukati!"

Edah akavuta kamba. Mashine ikaitika mara moja.

"Shemeji, ondoka."

"Edah, nakuomba!"

Alikuwa amelingoja neno hilo, na lilikuwa tamu kuliko alivyodhani. Akauchomeka mnyororo kwenye gogo, mbali naye kwa hatua chache, akaja akikata, kipande kikidondoka baada ya kipande, hadi Makokha akaruka kando, suruali imejaa unga wa mti. Edah hakuinua macho mpaka alipomaliza.

Makokha alimpeleka kwa naibu wa chifu. Phelista alisimama mbele ya watu akasema, "Miche nilimpa mimi, akapanda yeye na bwana yake. Mwenye kukata amekata chake." Kesi ikaishia hapo.

Nyumba ya Makokha ilibaki kuta bila paa, mvua ya masika ikaikuta hivyo. Shamba hakulirudisha, na Edah ameanza kulidai. Siku hizi anakata miti ya watu hadi Kachibora. Pasta wake alipomwita akamsihi amsamehe shemeji yake, Edah alimsikiliza kwa heshima, akajibu kwamba atasamehe, ila si mwaka huu.