Matundu Saba ya Ukuta wa Stoo

Tangu nimalize shule nilikuwa nimekaa tu nyumbani nasubiri matokeo, mpaka mama akachoka kuniona. "Hata kochi limeanza kukuita baba mwenye nyumba," akasema. Ndiyo nikaenda kujitolea kwenye kikundi kinachotunza kinamasi. Wiki ya kwanza kumwagilia miche. Wiki ya pili miche tena. Mikono ikaanza kuniwasha kwa hamu ya kuchora. Nikamfuata Mama Mwenyekiti.

"Mama, ule ukuta wa stoo ya miche nipe mimi. Nitakuchorea korongo mpaka korongo wenyewe waje kumsalimia."

Akacheka, akanipa. Jumamosi watoto wa shule wanakuja kutembelea, kwa hiyo Ijumaa jioni ukuta uwe tayari.

Sijisifu, lakini yule korongo kwenye daftari alikuwa hatari. Siku tisa nimemchora, unyoya kwa unyoya.

Alhamisi asubuhi nikaja na mjomba, kaka yake mama, fundi ujenzi. Ukuta ulikuwa na matundu saba, yale ya miti ya jukwaa la ujenzi, waliyoyaacha wajenzi wa zamani. Mjomba chini anachanganya saruji, mimi juu ya ngazi naziba. La kwanza, tupu. La pili nikaliziba hata sikulichungulia. Nataka kuanza la tatu, shomoro huyu hapa na kiwavi mdomoni. Akajipiga kifua kwenye ile plasta mbichi. Akarudi, akajipiga tena.

Nikatega sikio. Ndani kunalia vitu vidogo.

Nikaanza kuchokonoa kwa vidole.

"We! Saruji yangu hiyo, siyo uji!" mjomba akafoka.

"Mjomba, kuna watoto humu."

"Watoto wa nani?"

"Wa shomoro."

"Aa. Nilidhani wa jirani."

Kelele zikamleta Mama Mwenyekiti. Nikamweleza. Akatazama juu, akatikisa kichwa. "Mwanangu, sisi tunahifadhi korongo. Shomoro wapo hata jikoni kwangu. Ukuta unyooke, la sivyo nampa mchora mabango, yule haulizi maswali."

"Sasa mama, wale watoto wa shule tutawaambiaje? Kwamba tumezika ndege ili tuchore ndege?"

Mjomba akakohoa. Mama Mwenyekiti akakunja mikono. "Na korongo wako atakuwa na tundu kifuani?"

Hapo alinishika pabaya. Nikafungua daftari, nikalinganisha na ukuta: matundu matatu yangeangukia kifuani, moja kwenye jicho kabisa.

"Korongo aondoke," nikasema. Iliniuma, msinione natamba. "Nipe mpaka kesho saa kumi. Usipopenda, ukuta mpe huyo mchora mabango, na rangi nitamchanganyia mimi mwenyewe. Lakini matundu yabaki mpaka makinda waruke."

"Saa kumi. Hata dakika moja sikuongezei."

Nikachora mti. Shina moja nene, kutoka msingi mpaka paa, matundu yote saba ndani yake, hata yale mawili niliyoziba nikayafungua, kama ya mti mzee. Mjomba alinung'unika weee, halafu kabla saruji haijakauka akaanza kuibandika kwa mwiko, mikunjo mikunjo, mpaka likawa gome kabisa.

"Usiniangalie hivyo," akasema. "Saruji haitupwi."

Ijumaa, saa kumi kamili, Mama Mwenyekiti akasimama mbele ya ukuta, mkoba begani. Shomoro akaja na kiwavi wake, akaingia kwenye mti wa rangi kama vile kaurithi kwa babu yake. Makinda wakapiga kelele.

"Tawi la kushoto limepinda," Mama akasema.

"Matawi hupinda, mama."

"Mh. Na korongo?"

Nikamwonyesha chini, kwenye mizizi: amesimama majini, kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Akainama kumtazama, akakaa hapo muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Jumamosi, ndege alipochomoka kwenye picha, watoto walipiga ukelele. Mama Mwenyekiti akainua kidole, na ile sauti yake ya mkutano:

"Sisi hapa, watoto wangu, hata shomoro hatumbagui!"

Mjomba akaniangalia. Mimi macho yalikuwa kwenye choo cha kikundi. Ukuta wake wa nyuma ni mpana, mweupe, na hakuna aliyeuomba.