Kishungi Kilichokwenda Hospitali

Jumatatu, akiwa kwenye kola ya saba, fundi wa sare za shule aliona kishungi cha nywele kikidondoka juu ya kitambaa. Kichwani kwake kilibaki kipara cha duara, laini, kadiri ya kifuniko cha soda. Kishungi kikajikung'uta nyuzi, kikashuka mezani, kikatoka zake mlangoni. Msimamizi alitazama saa, akaandika kwamba fundi ametoka bila ruhusa.

Fundi alikuwa anaumwa, tena si utani. Jua la saa saba linawaka, yeye anatetemeka ndani ya sweta. Sauti inakwaruza, na usingizi unamkuta mguu ungali kwenye cherehani. Mara tatu alikwenda kwa daktari, na mara tatu alijibiwa bila kutazamwa: "Mawazo tu, dada. Pumzika." Apumzikie wapi, jamani, hakuambiwa.

Kishungi kilifika hospitali, kikachukua namba, kikakaa kwenye benchi. Muuguzi aliwaambia watu wakisogezee nafasi. Daktari yuleyule alikipokea kwa heshima zote, akakipima hadi damu. Damu ilitoka wapi, wanajua wenyewe.

"Kinga ya mwili imegeuka, inampiga mwenye nyumba," alikifafanulia. "Imeanza na nywele, lakini haina adabu, huwa inapita na kwingine. Hebu tuone tezi ya shingoni. Ehee! Imezubaa."

Jioni kishungi kilirudi nyumbani kwa fundi na cheti na dawa. Vidonge vilikuwa vidogo kuliko ufuta, dozi ya kishungi.

Wifi yake fundi alisoma cheti, akacheka mpaka akakaa chini. "Wifi, wenzio wanaumwa kwa jumla, wewe unaumwa kwa rejareja! Mpelekee daktari cheti hiki, akupe dozi ya mtu mzima."

Akaenda. Daktari alikubali kwamba mwandiko ni wake.

"Lakini huyu ni mgonjwa mwingine," alisema. "Yako wewe ni mawazo."

Fundi alilia njia nzima, kwa hasira kuliko huzuni. Kishungi, kwa dozi yake, kilinenepa ndani ya kikombe dirishani, kikawa cheusi ti, kinang'aa. Yeye akaongeza sweta la pili.

Alhamisi kishungi kingine kikadondoka. Fundi alikiokota, akakikung'uta nyuzi kwa mkono wake.

"Ukifika," alikiambia, "niulizie na mimi."

Kikaenda, kikapata namba kumi na moja. Msimamizi alitazama saa, akaandika.