Boksi la Chini ya Meza

Wivu ulimshika Wepukhulu asubuhi ile mkewe aliposema, huku akichuja chai, "Hassan ana mikono jamani." Maneno manne tu! Yalimkwama kooni kama mwiba wa samaki ngege.

Hassan, jirani yao pale Kaloleni, alikuwa ameunda mashine ya kukuza sauti: valvu mbili, zile taa za kioo zinazong'aa, bati lililopakwa rangi, kitufe kikubwa cheusi mbele. Ingetumika Jumamosi, mtu wa santuri atakapotoka Nairobi na tepu yake kuja kumrekodi Nasipwondi, mkewe Wepukhulu. Tepu ikipendeza, sauti ya mama huyo ingetiwa kwenye santuri. Lakini mashine ya valvu haili stima ya ukutani vivi hivi. Inataka boksi lake la kuipandisha stima na kuituliza, na kwa kazi hiyo Kisumu nzima ilimjua fundi mmoja, Wepukhulu. Sasa boksi lenyewe linakaa wapi? Chini ya meza! Nani atapigia makofi kitu cha chini ya meza?

Alilitengeneza hata hivyo. Transfoma, ile ya kuipandisha stima, waliisuka kwa mkono sebuleni, yeye akizungusha waya wa shaba, Nasipwondi akihesabu kwa sauti. Kila mia ikitimia, mama alitia punje moja ya mahindi kikombeni wasipoteze hesabu.

"Kwani Hassan naye huhesabiwa waya na nani?" akauliza mama, akicheka.

Ebo! Hata hapo, Hassan!

Ijumaa, kabla ya kulipeleka boksi, Wepukhulu aling'oa kapasita ya mwisho, ile inayotuliza stima, kimkebe kisichozidi kidole gumba. Akakitia mfukoni. Mashine ingevuma, Hassan angeaibika, basi. Mtu mzima na akili zake! Wala hakujiuliza ingevuma juu ya sauti ya nani.

Jumamosi, ukumbini, Nasipwondi alifungua kinywa kuimba na mashine nayo ikafungua chake: mmmmmm, mfululizo, kama mzinga uliochokozwa. Mtu wa santuri akasimamisha tepu.

"Kelele hii siwezi kwenda nayo Nairobi," akasema. "Na treni hainingoji."

"Kosa ni langu," Hassan akadakia, jasho likimtoka. "Boksi la fundi wetu haliwezi kuwa na kasoro. Ni mashine yangu. Nisamehe, shemeji."

Hii ndiyo aibu aliyoitamani Wepukhulu, na sasa ilipofika hakuipenda hata kidogo.

"Si wewe, Hassan," Nasipwondi akasema. "Mimi ndiye niliyehesabu. Pengine niliruka punje moja." Akaanza kulia pale pale, mbele ya watu, akihesabu tena kwa vidole.

Wepukhulu angeweza kunyamaza. Roho yake mbaya ilimwambia anyamaze. Lakini vile vidole vilimshinda.

"Nipeni jiko la makaa," akasema. "Nataka chuma cha kulehemu kipate moto."

Akachomoa waya ukutani, akangoja stima iishe tumboni mwa boksi, kisha akatia mkono mfukoni na kukitoa kile kimkebe. Akakilehemu mahali pake. Hassan alitazama sakafu. Nasipwondi alifuta machozi kwa leso, akamtazama mumewe mara moja tu.

Walipowasha tena, mashine ilitulia tuli. Na mama aliimba, wee! Aliimba kama mtu aliyekasirika, na hasira ile ilimfaa. Tepu ikazunguka mpaka mwisho, hakuna aliyekohoa.

Mtu wa santuri akapiga goti, akachungulia chini ya meza. "Stima safi namna hii hata Nairobi sijaipata. Mama, fundi wa boksi hili ni nani? Nimwandike."

Maisha yake yote Wepukhulu alikuwa akilingoja swali hilo. Akanyoosha kola ya shati.

"Hassan," Nasipwondi akajibu.

"Shemeji, hapana, hilo boksi..."

"Ni Hassan," mama akarudia, sauti ileile ya kuhesabia waya. "Andika."

Yule mtu akaandika. Hakuna aliyemtazama Wepukhulu, naye akainama chini ya meza kukunja waya.