Pua Ndefu za Mahakimu

Mafuta ya nguruwe wa Wakili Evaristo yalikuwa bado yamemganda Nicasio mdomoni, nyuma ya kinyago chenye pua ndefu kama mchi. Mbele yake wenzake wanane walirukaruka ndani ya makoti meusi mapya, waliyonunuliwa na wakili huyohuyo. Mwaka huu mlezi wa sikukuu ni yeye, na mwenye kuwalisha wachezaji ndiye anayechagua mshtakiwa wa mchezo. Basi akamchagua mjane Gumercinda, ambaye kwa miaka miwili amegoma kumuuzia malisho yake ya mlimani, wanakochungwa alpaka wake wa sufu. Na Nicasio, kiongozi wa ngoma, akajibu "sawa, bwana" huku akitafuna. Aibu gani hii!

Mchezo wenyewe kila mtu anaujua. Mahakimu wa uongo humkamata mtu uwanjani, humsomea kitabu kikubwa kilichoshikwa juu chini, humchapa kiboko cha mzaha, kisha humpigisha dole gumba lenye wino kitabuni, kama sahihi. Hakuna anayekataa, wala hakuna anayekasirikia kinyago.

"Mleteni mwizi wa nyasi!" Fidel, mmoja wa wachezaji, alipaza kwa ile sauti nyembamba ya mahakimu.

"Sketi yangu, wajinga nyie!" Gumercinda alicheka, wakimpigisha magoti. "Haya, leo nimeiba nini?"

"Mlima, bibi! Alpaka wako wanakunya bila kibali!"

Uwanja mzima ukavunjika mbavu. Wakili, bia mkononi kule jukwaani, alicheka kuliko wote.

Fidel alishalichovya dole gumba la mama yule kwenye wino. Nicasio akafungua kitabu. Miaka yote humo hamna kitu ila magazeti ya zamani, lakini leo palikuwa na karatasi yenye mhuri. Akakigeuza kitabu wima, jambo ambalo hakimu wa ngoma hafanyi, akasoma. Gumercinda, mjane, anauza malisho yake yote kwa hiari. Naye masikini hajui hata a.

"Malizia basi," Fidel alinong'ona, safari hii kwa sauti yake mwenyewe.

"Kumbe ulijua?"

"Usijifanye malaika. Si tumekula wote?"

Nicasio akavua kinyago katikati ya ngoma, hadharani, filimbi zikakatika. Akaisoma karatasi ile neno kwa neno, kwa sauti aliyozaliwa nayo. Hakucheka mtu. Alipofika kwenye jina la mnunuzi, Evaristo, wakili alikuwa ameshashuka jukwaani, anatafuta njia kati ya watu wasiompisha.

Nicasio akaichana karatasi, akamwinua mjane. Alingoja ahsante, mpumbavu yule.

"Nawe ulikula nguruwe wake?" Gumercinda akamuuliza.

"Nilikula, mama."

Mama akamtazama kama mtu aliyekuta funza kwenye kiazi. Kisha akanyoosha dole gumba lake na kulifuta wino shavuni mwa Nicasio, taratibu, mpaka dole likatakata.